Kanzu Niliyoianika Juu ya Mnara wa Taa

Jamani, mimi aibu yangu haina siri tena, maana inajulikana kuanzia Kipini mpaka Garsen, na huko Minjila kwa wafugaji, na mpaka leo nikipita kando ya mto mtu asiyejua hata jina langu ataniuliza, "Bwana, kanzu imekauka?" kisha acheke mpaka ashike mbavu. Basi afadhali niwaeleze mwenyewe, msije mkaipata kwa watu ikiwa imetiwa chumvi (ingawa kusema kweli hiyo yenyewe haihitaji chumvi).

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami ni kijana fundi cherahani pale Kipini kwenye baraza ya mjomba wangu Bakari, na nilikuwa na maringo, jamani, sitawaficha. Nilijiona hakuna anayejua kuvaa isipokuwa mimi. Sasa akaja Halako kushonewa gauni. Alikuwa binti wa Kipokomo kutoka kijiji kimoja kando ya lile ziwa kubwa huko juu, amekuja kwa shangazi yake kwenye harusi, nami nikampima mabega, nikasahau, nikampima tena, shangazi yake amesimama pembeni kanikazia macho. Gauni lilipokwisha akalivaa, akanyoosha mikono, akasema, "Fundi, mkono mmoja mrefu." Ulikuwa mrefu kweli. Siku hiyo nilijua kwamba nimekwisha.

Mjomba Bakari akaenda kuniposea. Baba yake Halako, Mzee Buya, alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, hakukataa wala hakukubali, alisema tu, "Watu wa Kipini mnajua kusema. Mleteni huyo kijana, wazee wenzangu wamwone, nami nimwone kwa macho yangu." Na mjomba akaniletea habari nyingine ya pembeni, kwamba kuna mwanamume wa kijiji cha Ngao naye ameshabisha hodi, kwa hiyo nikiharibu siku hiyo, Halako ndiyo kwaheri. Mimi nikacheka. Niharibu vipi, na nguo nazishona mwenyewe?

Nikashona kanzu. Siyo kanzu, ilikuwa kanzu hasa! Bafta nyeupe inayoumiza macho juani, darizi ya hariri shingoni, na urefu wake umekatwa ukagusa kifundo cha mguu, hauzidi wala haupungui. Ndani yake nilivaa kikoi kipya, na ndani ya kikoi (hapa ndipo mtakapocheka, chekeni) nilivaa nguo ya ndani niliyoishona kwa mfuko wa unga wa ngano, kwa sababu kitambaa kile ni laini na nilisema nani ataiona. Mfuko ule ulikuwa na picha ya ngamia mwekundu, nimefua na kufua lakini ngamia hatoki, amekaa pale pale nyuma ninapokalia.

Tukaondoka asubuhi kwa mtumbwi, mimi na mjomba, tukapita mfereji wa Belezoni, ambao mjomba alinieleza ulichimbwa kwa mikono ya watu, kwa majembe, mpaka mto wenyewe ukauacha mkondo wake wa zamani ukafuata huo, nami nikatazama yale maji mengi yanayokwenda kwa nguvu nikashangaa kwamba binadamu anaweza kuanzisha kitu namna hiyo kisha kikamzidi. Halafu tukaacha mto, tukaingia katikati ya matete, matete, matete, mpaka ghafla yakaisha, na mbele yetu likafunguka ziwa.

Sikuwahi kuliona. Mimi mtoto wa bahari nilidhani ziwa ni dimbwi lililochangamka, lakini lile halikuwa dimbwi. Maji yametulia kabisa, mbingu yote imo ndani, ndege mwari wameelea makundi kwa makundi, viboko wametoa pua tu wanapumua, na ng'ambo ya pili ni majani ya kijani yasiyo na mwisho, na ng'ombe wa Waorma juu yake, wengi hata sikuweza kusema huyu anaishia wapi na huyu anaanzia wapi. Na pale ardhi ilipoinuka kikilima kikaingia majini, umesimama mnara.

"Ule ndio mnara wa taa," mjomba akasema. "Enzi za Mjerumani wa Witu huo. Mawe yake ni ya baharini, yaliletwa kwa mitumbwi. Gharika ikija, mto na ziwa na mashamba huwa maji mamoja, vyombo vilikuwa vinapotea humu, ndiyo ikawekwa taa."

Mawe ya baharini, jamani, huku bara! Nikamwambia mjomba tupite nikauone kwa karibu. Akasema wazee wanangoja. Nikasema kidogo tu. Akasema Omari, twende. Nikasema mjomba, mimi nikiulizwa na mkwe kuhusu kwao nijibu nini, nami sijaona kitu? Basi akageuza mtumbwi huku ananung'unika, na hapo, ndugu zangu, kwenye huo uamuzi mdogo wa mtu kutaka kuona mnara, ndipo mambo yote yalipoanzia.

Niliruka kutoka mtumbwini kwa mbwembwe, nikakanyaga njia ya kiboko (sikujua ni njia ya kiboko, niliona tu pamelainika), miguu ikaenda huku na mimi nikaenda kule, nikakaa chini kwenye tope jeusi, mgongo, kanzu, kikoi, vyote. Mjomba akatazama jua limefika wapi. Halafu akasema, "Fua. Anika. Mimi natangulia kuwatuliza wazee, nitawaambia unasali. Nikirudi nikukute umevaa." Akaondoka na mtumbwi.

Mlinzi wa mnara, mzee mmoja aitwaye Jillo, hakuwapo, amekwenda shambani kwake nyuma ya kilima, na mlango haukufungwa. Nikafua kanzu na kikoi pale ukingoni nikiwa na jicho moja kwa mamba. Kikoi nikakitandaza juu ya kichaka cha miiba. Lakini kanzu! Kanzu siwezi kuitia miibani, hariri itachomoka nyuzi. Nikaona juu ya mnara kuna upepo, hapa chini hakuna, nikasema napanda nayo, itakauka upesi na mimi nitaona mandhari. Nikapanda ngazi za kuzunguka, giza, harufu ya mafuta ya taa na mavi ya popo, nikatokea juu.

Wallahi, nikisema nilisahau kwamba niko uchi kasoro ngamia, mniamini. Katikati kulikuwa na taa yenyewe, kubwa hata mtoto angeweza kukaa ndani, vioo vyake vimekatwa pande pande, na kila upande niliuona ulimwengu umegeuka miguu juu. Shaba yake imesuguliwa inang'aa, ina maana kuna mtu alikuwa akiisugua miaka na miaka ingawa vyombo vya kuongozwa nayo vilikwisha zamani. Nikatoka nje kwenye ukumbi mdogo unaozunguka, na hapo nikaona yote kwa mpigo mmoja: ziwa, matete tuliyopitia, mto unavyojipinda kando ya ziwa, umetengwa nalo kwa ukingo mwembamba tu wa udongo, mashamba ya mpunga yaliyoanza kuwa ya manjano, vijiji, moshi wa jikoni, ng'ombe. Mimi ambaye dunia yangu yote ilikuwa cherahani na baraza.

Na pembeni, kwenye ukumbi ule, kulikuwa na mlingoti wa chuma, wenye kamba na vishikizo viwili vizuri kabisa, vilivyoachana kwa upana wa mabega. Nikasema moyoni, hawa Wajerumani walikuwa na akili, hata pa kuanikia nguo wameweka! Nikaifunga kanzu, nikavuta kamba, ikapanda juu, upepo ukaijaza, ikapepea nyeupe, nzuri, yenye darizi. Nikaitazama kazi ya mkono wangu nikatabasamu.

Haukupita muda nikasikia baragumu. Likalia kijiji kimoja, likaitikiwa na kingine, na kingine, likazunguka ziwa zima. Kisha nikaona watu wanatoka majumbani, wanaingia mitumbwini, na ng'ambo ile ng'ombe wote wakaanza kusogea pamoja, ardhi nzima inatembea kuelekea nchi kavu ya Minjila, vumbi linapanda. Katika mashamba watu wameinama, visu vinamemeta, wanakata mpunga. Na mitumbwi, mitumbwi mingi, inakuja kwangu.

Sasa msikie upumbavu wa mtu. Mimi nikajisemea: alhamdulillahi, kumbe mkwe wangu ni mtu mkubwa hivi! Ziwa zima linakuja kumpokea bwana harusi, na mpunga unakatwa wa karamu! Nikapandwa na furaha, nikainua mikono yote miwili nikawapungia. Nikawapungia kwa nguvu. Na wao waliponiona ninavyopunga wakazidi kupiga kasia, na baragumu likazidi kulia.

Wa kwanza kufika juu hakuwa wa mtumbwini, alikuwa Mzee Jillo mlinzi, amepanda ngazi mbio na umri ule, jembe bado mkononi, macho yamemtoka. Hakunisalimu. Alikimbilia ukingo wa upande wa mto, akatazama, akatazama tena.

"Umekatika wapi?" akaniuliza.

"Nini, mzee?"

"Mto! Mto umekatika wapi?"

Nikamwambia sijaona mto kukatika. Akageuka polepole, akatazama mlingoti, akatazama ile darizi, akanitazama mimi na nguo yangu ya unga. Akakaa chini, pumzi zinamtoka. "Hiyo," akasema, "ni kanzu?"

Ndipo akanieleza, na kila neno lilinishusha chini zaidi. Taa ile ilijengwa kwa ajili ya vyombo, lakini vyombo vilipokwisha wenyeji waliichukua ikawa yao, kwa sababu hapo juu ndipo pekee mtu anaweza kuuona ule ukingo mwembamba kati ya mto na ziwa. Mlinzi akiona maji mekundu yameanza kuuvunja, usiku huwasha taa, na mchana hupandisha kitambaa cheupe kwenye ule mlingoti, na kila mtu anajua la kufanya bila kuuliza. Mfugaji anatoa ng'ombe majanini. Mkulima anakata anachowahi kukata, hata kikiwa kibichi. Wazee, wagonjwa na watoto wanapakiwa mitumbwini na kuletwa kwenye kilima, maana kilima cha mnara ndicho kisichozama.

Kilima cha mnara, yaani hapo hapo nilipo, na kikoi changu kiko chini.

Wakafika. Bibi wamebebwa migongoni, kuku wamefungwa miguu, vyungu, mikeka, mama mmoja na mtoto wa siku chache kifuani. Wakajaa chini ya mnara wote wanatazama juu, na mimi sina njia ila kushuka. Nikashuka. Nikatokea mlangoni nimejiziba mbele kwa mikono, nikasahau kwamba aibu yangu kubwa iko nyuma, na nilipogeuka kukitafuta kikoi nikasikia bibi mmoja anauliza, "Huyu ana ngamia wa nini?"

Mbele ya wote walikuwa wale wazee waliokusanyika kunitazama, na Mzee Buya, na mjomba Bakari aliyekuwa anaangalia majani tu. Nyuma ya baba yake alisimama Halako, suke la mpunga wa kijani mkononi.

"Mzee Bakari," Mzee Buya akamuuliza mjomba taratibu, "ndiye huyu?"

Mjomba akasema, "Ndiye, bwana. Astaghfirullah. Ndiye."

Hakuna aliyecheka wakati ule, na hilo ndilo lililoniumiza. Mworma mmoja mrefu, Barisa, aliyevuka kuja kuuliza habari za maji, alisimama ameishika fimbo yake mabegani akasema, "Mimi nimeondoa ng'ombe yote. Ndama wawili wameumia kwa kukanyagana. Kwa sababu ya nguo?" Mzee Jillo alishuka na kanzu yangu mikononi, ameikunja vizuri kabisa, akanipa.

Mzee Buya akasema hivi, nami nayakumbuka kama nilivyoyasikia: "Sikukatai leo, wala sikukubali. Mpunga tuliokata mbichi hautarudi shinani. Utabaki hapa. Ule uliosalia utaulinda na ndege mpaka uive, kisha tutasema."

Nikabaki. Mjomba akarudi Kipini peke yake. Nikalala kwa Mzee Jillo, na kila asubuhi nikaenda shambani kwa Mzee Buya kufukuza ndege kwa kombeo na kelele, mimi fundi wa darizi, na kicheko ambacho watu walikizuia siku ile sasa kikatoka chote. Mtu akianika shuka nje ya nyumba, jirani anapiga kelele, "Kimbieni, mto!" Kanzu nilimpa mama yake Halako aiweke, nikasema sitaki kuiona. Na ule mpunga mbichi wakaukaanga wakautwanga ukawa pepeta, magunia kwa magunia, na kila nyumba niliyoingia nilikaribishwa pepeta, "karibu, kula kazi yako."

Halako hakunisema. Siku moja tu aliniletea maji shambani, akasimama mbali kidogo, akaniambia, "Omari, mimi sikuonei haya. Naogopa kitu kimoja tu. Watu wakicheka kitambaa, siku ya kweli itakuwaje?" Akaondoka. Nami nikacheka kidogo, nikarudi kwa ndege wangu.

Siku ya kweli ilikuja asubuhi, mbingu haina hata wingu, maana mvua yenyewe ilikuwa imenyesha huko mbali milimani. Nilikuwa shambani nikainua macho, nikaona juu ya mnara cheupe. Nikasubiri baragumu. Halikulia. Nikatazama shamba la jirani, nikamwona bwana mmoja amejishika kiuno anacheka, akaniita, "Omari! Umeanika tena?"

Nikamwambia si mimi! Niko hapa, bwana, unaniona! Akasema basi labda Jillo naye kajifunza kufua. Nikakimbia kijijini napiga kelele, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyocheka, wanawake wanacheka na michi mikononi, na ng'ambo ng'ombe wa Barisa wametulia majanini wanakula. Jamani, sijaogopa namna ile tangu nizaliwe. Niliona yule mama na mtoto wake mchanga amekaa kibarazani, anacheka na yeye, nami nikajua maji yakifika atakuwa amekaa pale pale kwa ajili yangu. Nikaanza kulia, mtu mzima, katikati ya kijiji.

Halako akatoka mbio nyumbani kwao, mkononi ameshika kanzu. "Vaa!" akasema. "Vaa upesi! Wakuone umeivaa!"

Nikaelewa. Nikaivaa hapo hapo juu ya nguo za shamba, tukakimbilia mtumbwi, Halako akashika upondo wa kusukumia mtumbwi (yeye alijua, mimi sikujua), na mama yake naye akajitosa ndani, maana hata gharika ikija hakuwa tayari kutuacha peke yetu. Nikasimama mbele, mikono nimeitanua, upepo unaipeperusha bafta, na tukapita kijiji kwa kijiji nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Nitazameni! Kanzu iko mwilini! Nimeivaa! Kile cha juu si changu! Kanzu nimeivaa!"

Na wakanitazama, wakatazama mnara. Niliona kicheko kinavyowatoka usoni, mmoja mmoja. Kisha likalia baragumu la kwanza. Ng'ambo Barisa alisimama juu ya kichuguu, akanitazama nilivyo mweupe katikati ya ziwa, akageuka, akapiga mluzi, na ng'ombe wote wakainua vichwa.

Maji yalifika adhuhuri. Tulikuwa wote kilimani. Hayakuja kwa kelele, yalikuja mapana, mekundu, yanasukuma majani mbele yake, yakameza shamba nililolinda, yakameza vibaraza, mpaka ziwa na mto na mashamba vikawa kitu kimoja, na ule mnara ukasimama katikati yake, nasi tumeuzunguka kama vifaranga. Mimi nilikuwa najua kushona nguo, lakini sikuwa nimejua nguo ni kitu gani, kwamba kitambaa kinaweza kupanda kwenye chuma na watu wakaweka roho zao juu yake. Nikakaa chini, nikajifunika magoti kwa ile kanzu iliyojaa tope.

Mpunga wote ulikwenda, isipokuwa ule uliokatwa mbichi. Tulikula pepeta siku zote tulizokaa pale. Jioni ya kwanza Mzee Buya alikaa karibu yangu, akatafuna pepeta kiganjani, akatafuna, akatazama maji, kisha akasema bila kugeuka, "Maji yakipungua, mwambie mjomba wako aje."

"Ndiyo, baba."

Akatafuna tena. "Na wewe uje. Lakini uje umevaa."

Huyo mwanamume wa Ngao sikumsikia tena. Halako ni mke wangu mpaka leo, na gauni lile la mkono mmoja mrefu bado analo. Nami tangu siku ile nguo zangu haziendi juu, si ya paa, si ya mti, si ya ukuta. Nafua mwenyewe, naanika ndani chumbani, zinanuka uvundo wiki nzima, na wageni wakiniuliza kwa nini fundi mzima ananuka unyevu, mke wangu hucheka akawaambia wasubiri nimalize kusali, nitawaeleza mwenyewe.